Mgongo wa Baba Mkwe

Mabinti wa Chuo cha Kawetere walipoingia uwanjani siku ile ya fainali, wenzao wa Chuo cha Ualimu Mlandege cha Iringa waliacha kupasha misuli moto wakabaki wanawatazama. Si kwamba Iringa hakuna watu warefu. Wapo. Lakini hawa waliingia kwa mstari, sare mpya tupu, kila mmoja na mpira wake, wakidunda kwa mpigo mmoja hadi saruji ikawa inatetemeka chini ya raba za wageni. Mbele alitangulia Atuganile, ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa mpaka kwenye mabanda ya chipsi ya jirani. Alipopita chini ya kikapu aliruka kidogo tu, bila hata kukaza uso, akaugusa wavu kama mtu anayepapasa nguo kwenye kamba kuona kama imekauka.

"Huyo ndiye nimkabe mimi?" aliuliza Frida, nahodha wa Mlandege, Mbena wa Njombe mwenye mabega mapana na moyo wa kujaribu lolote.

Tumpe, aliyekuwa amesimama pembeni yake, alijikuta kaachama mdomo. Alikuwa amesafiri kutoka Iringa kuja Mbeya kuwafunga watu hawa, na sasa alichotamani ni kukaa chini aendelee kuwaangalia.

Tusidanganyane, hakuna aliyewapa Mlandege nafasi. Watoto waliozaliwa mwaka Kawetere ilipofungwa mara ya mwisho pale nyumbani sasa walikuwa wanasoma shule ya msingi. Kwenye magrupu ya simu watu wa Mbeya walikuwa wamewashauri wageni waje na gunia la kubebea pointi watakazofungwa. Na Mlandege wenyewe, ukiwauliza siri yao ya mazoezi, walikuwa wanaona haya kusema, maana uwanja wa chuo chao ulikuwa na kikapu kimoja. Cha pili kiliangushwa na mvua, na uongozi ukaahidi kukirudisha, na ahadi ikakaa. Asubuhi walifanya mazoezi ya kushambulia, jioni ya kukaba, kikapu kilekile.

Ila walikuwa na Tumpe. Alikuwa mfupi kuliko wote, mzaliwa wa Kyela, mwaka wa pili wa ualimu, na mpira ukishafika mkononi mwake ulikuwa hautoki mpaka apende yeye. Timu kubwa tatu zilikuwa zimekuja kumkaba zikaishia kumkimbiza. Ndiye aliyewafikisha fainali, na wenzake walisema hivyo bila wivu.

Walichokuwa hawajui ni kwamba mechi hiyo huenda ikawa ya mwisho kwake. Desemba iliyopita Tumpe aliolewa na Lusekelo, mwalimu wa Chunya, kijana mpole ambaye walipendana tangu sekondari. Harusi ilikwenda vizuri, kwaya iliimba, watu walikula wakasaza. Lakini haukupita muda shangazi yake Lusekelo, Bi Damari, akaanza. Mke wa mtu anakimbia na kaptula mbele ya watu? Anarukaruka? Anavutwa fulana? Kila mwezi alikuwa na jipya, na kila aliloligundua lilifika Tukuyu kwa wakwe kabla ya yeye mwenyewe kufika. Lusekelo alimwambia mkewe, "Mimi sina neno kabisa. Ila neno ni la baba, na baba bado hajasema." Mzee Anyosisye, baba yake Lusekelo, alikuwa ametuma ujumbe mfupi tu: mashindano haya amalizie, yakiisha atatoa neno lake. Tumpe alicheza mashindano yote na neno hilo likimning'inia kichwani.

Sasa, asiyewajua Wanyakyusa wa kizamani hapa itabidi aelezwe, vinginevyo yaliyofuata hatayaelewa, kama ambavyo kocha wa Mlandege hakuyaelewa. Kwa watu wale, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami mke wa mwana. Hawakai pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na jina la baba mkwe mwanamke halitamki. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, tena heshima ya juu kuliko zote, kiasi kwamba wao wenyewe husema mtu anamwogopa mkwewe na wanalisema kwa fahari. Siku hizi wengi wameacha, hasa mijini, wanakula meza moja na wanapiga picha pamoja. Nyumba ya Mzee Anyosisye haikuacha. Alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani, alikuwa na simu janja na alifuatilia habari za dunia nzima, lakini hilo alilishika kama alivyolikuta kwa baba yake.

Kwa hiyo Tumpe hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Alimjua kwa koti la kijivu, kwa kofia ya kahawia, na kwa kikohozi. Kila alipokuwa nyumbani Tukuyu na mzee akawa anakuja kwenye njia ya migombani, mzee alianza kukohoa kwa mbali sana, kikohozi kikavu cha makusudi, ili Tumpe apate nafasi ya kuingia kwenye migomba, achuchumae na kugeukia kando hadi apite. Hakuwahi hata siku moja kumfuma kwa ghafla. Tumpe alikuja kukipenda kile kikohozi. Mtu anayekohoa toka mbali kwa ajili yako, huwezi kusema hakujali.

Basi, wakati timu zinamalizia kupasha misuli, Tumpe alikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo kukaza upya kamba za raba. Alipokuwa humo ndipo kocha alipofanya maajabu yake.

Kocha Kalinga alikuwa Mhehe wa Ipogolo, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, anayependa watu mpaka wanachoka. Kwao baba mkwe akija, anapokelewa mlangoni, anakalishwa kiti cha mbele, mkwewe anampakulia na wanacheka pamoja. Alikuwa getini akitafuta maji ya wachezaji pale alipomwona mzee wa koti la kijivu amesimama nje ya uzio, nyuma ya watu, akichungulia kwa kujibana.

"Kamwene, mzee wangu! Mbona umesimama huku? Una mtu anacheza?"

"Yupo mke wa mwanangu, mwalimu. Wa upande wa Iringa. Lakini hapa panatosha, usihangaike."

"Nani? Tumpe?" Kalinga karibu apige yowe. "Baba mkwe wa Tumpe, na umesimama kwenye uzio! Haiwezekani. Twende ukakae mbele."

"Hapana, mwalimu."

"Twende, baba."

"Hapana, kweli kabisa. Nakuomba."

Lakini Kalinga alilelewa kwamba mzee wa heshima akipewa kiti hukataa kwanza, na kadiri anavyoheshimika ndivyo anavyokataa zaidi. Kila hapana ya mzee aliisikia kama adabu njema. Akamshika mkono, akamvuta kupita getini, akampitisha mbele ya jukwaa zima, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki mwisho wa benchi la Mlandege, hatua chache kutoka kwenye mstari. Akamwekea na soda. Mzee akaishusha kofia hadi kwenye nyusi, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti.

Tumpe alitoka chumbani akiwa ameshaivua kanga yake, na kaptula yake na fulana namba saba, akikimbia polepole kuelekea benchi. Akasikia kikohozi. Miguu ilisimama kabla kichwa hakijaelewa. Aliiona kofia ya kahawia, aliliona koti, na kabla kofia haijainuka alikuwa amesharudi ndani, mlango umefungwa, kanga kaivuta na kujifunika kichwa.

Frida alimfuata. "Wewe vipi? Mwamuzi anaita!"

"Siwezi kutoka."

"Unaumwa?"

"Baba mkwe yupo pale kwenye benchi."

Frida alisubiri aendelee. Alipoona hakuna nyongeza, akauliza, "Kwani mchawi?"

"Si mchawi! Ni baba mkwe, Frida. Hawezi kuniona hivi. Mimi siwezi kupita mbele yake. Sitoki."

Filimbi ikalia. Frida alimtazama kwa macho ya mtu anayeshushwa kisimani bila kamba, akageuka, akaenda kumkaba Atuganile.

Kipindi chote cha kwanza Tumpe alikisikia kwa masikio. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo juu kabisa, karibu na dari, na kupitia hapo ziliingia kelele za Mbeya nzima. Kawetere wakifunga, jukwaa lililipuka. Wakifunga tena, lililipuka tena kabla mlipuko wa kwanza haujatulia. Mara moja moja kulikuwa na ukimya mfupi, kama kumeza mate, na Tumpe alijua hapo Mlandege wamepata kikapu. Nyakati hizo zilikuwa chache. Alilia kwa hasira. Alimkasirikia Kalinga, akaukasirikia ufupi wake, akamkasirikia hata Lusekelo ambaye hakuwepo. Jambo moja tu hakulikasirikia, na lenyewe lilimshangaza. Ile heshima hakuitamani iondoke. Angeweza kufungua mlango akaenda kucheza, nani angemzuia? Lakini kumpita mzee yule na mapaja wazi, mzee aliyekohoa toka mbali miezi yote ile, mwili wake ulikataa.

Mtangazaji alisema kwenye spika: mapumziko, Kawetere thelathini, wageni kumi na nane.

Kalinga aliingia kama upepo wa Mafinga. "Tumpe! Nimekukosea nini? Niambie, niombe radhi, halafu utoke ukacheze!"

Tumpe alimweleza, kanga ikiwa bado kichwani. Alieleza haraka na kwa kukwamakwama, maana hakuwahi kulazimika kumweleza mtu jambo ambalo kwao hata mtoto analijua. Kalinga alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kushuka, mpaka akaketi kwenye benchi la mbao na kushika tama.

"Alisema hapana," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuisikia. "Alisema nakuomba. Na mimi namvuta mkono mtu mzima." Akasimama. "Ngoja nikamrudishe kule nyuma."

"Usimtoe, kocha!" Tumpe alimshika shati. "Shangazi Damari yuko jukwaani, nimemwona. Baba akiondoka pale mbele ya watu, watasema amenikimbia. Watasema ameona kaptula akashindwa kuvumilia. Kesho habari iko Tukuyu, na hapo ndiyo basi."

"Sasa nifanyeje? Akikaa huwezi kucheza, akiondoka huwezi kucheza tena milele."

Kalinga aliguna, akatoka akiwa hajui anakwenda kusema nini. Tumpe alisogea mlangoni, akachungulia kwenye upenyo wa bawaba.

Alimwona kocha wake, mwanaume yule wa makelele, akichuchumaa pembeni ya kiti cha mzee huku mikono kaifumbata, akiongea kwa muda mrefu. Kofia ya kahawia ilibaki imeinama. Kalinga alipomaliza, mzee alisema maneno machache. Timu zilikuwa zimeanza kurudi uwanjani. Kisha mzee akaweka mikono juu ya fimbo, akasimama.

Tumpe alifumba macho. Anaondoka, alijisemea. Imekwisha. Alipoyafumbua aliona jukwaa nalo limeona. Watu walikuwa wamegeuza shingo, na safu ya tatu Bi Damari alikuwa amesimama, anakaza kanga kiunoni, tayari kwa safari.

Mzee Anyosisye hakuondoka. Alikishika kiti cha plastiki kwenye egemeo, akakiinua kidogo, akakigeuza taratibu mpaka kikaupa uwanja mgongo. Akahakikisha miguu ya kiti imekaa sawa. Akaketi. Mbele yake sasa kulikuwa na ukuta wa stoo ya chuo, tanki la maji, na juu ya tanki mlima wa Loleza na ukungu wake. Akaweka fimbo katikati ya magoti, akanyoosha mgongo, akatulia kama aliyefika kanisani mapema.

Uwanja mzima ulinyamaza. Wasioelewa walinyamaza kwa mshangao, na wanaoelewa walinyamaza zaidi. Pale juu kulikuwa na wazee wa Kinyakyusa kadhaa, na Tumpe aliona mmoja wao anavua kofia. Bi Damari alibaki amesimama kitambo, mikono kiunoni, halafu akakaa polepole.

Kalinga alirudi mlangoni. Hakuingia. Alisema akiwa nje. "Amesema hivi. Akiondoka watasema amemkimbia mtoto. Akikuangalia atakuwa amekukosea. Kiti ameshakigeuza. Amesema ucheze."

Kuna mambo makubwa ambayo mtu huyaona akiwa mdogo, radi inapopiga mti, au mto Kiwira ulivyojaa, akasimama bila kujua akimbie au apige magoti. Ndivyo alivyojisikia Tumpe. Mtu yule alikuwa ametoka Tukuyu alfajiri, kwa siri, kuja kuona kwa macho yake jambo aliloombwa kuliamua. Sasa, mbele ya watu wote, alikuwa ameyageuza macho yake kando akampa yeye nafasi. Hakujua kwamba heshima inaweza kufanywa namna hiyo kutoka upande wa mkubwa. Alikuwa ameizoea kutoka upande wake tu, upande wa kuchuchumaa.

Alikunja kanga, akaiweka kwenye benchi, akatoka.

Mpira wake wa kwanza aliupoteza. Miguu ilikuwa bado imejaa woga, na kila alipokaribia upande ule wa benchi shingo yake ilijikunja yenyewe. Wa pili pia aliupoteza, Atuganile akaenda kufunga bila jasho. Kisha, katikati ya kelele, alikisikia kikohozi, kile kikavu cha makusudi cha njia ya migombani, na safari hii alikielewa kwa namna nyingine. Mimi niko hapa, sioni, pita. Mabega yake yakashuka. Alipoupata mpira tena alianza kucheza.

Sasa ndipo Mbeya ilipomwona. Alipita katikati ya miguu mirefu ya Kawetere kama kuku anayekatiza jikoni, huku amesimama, huku ameshapotea, na mpira ukitokea mikononi mwa Frida chini ya kikapu. Alifunga toka mbali. Alipora, akafunga tena. Atuganile naye hakuwa wa mchezo. Kila Mlandege walipokaribia, alinyanyuka akajibu, na Tumpe alipoteza sekunde kadhaa kwa kumstaajabia tu. Hakuwahi kucheza na mtu mkubwa hivyo. Lakini pengo lilipungua.

Na kuna kitu alikiona kila aliporudi kukaba upande wa benchi. Kawetere wakifunga na jukwaa likalipuka, kofia ya kahawia iliinama. Mlandege wakifunga na uwanja ukanyamaza, fimbo iligonga chini mara moja. Tumpe alihitaji muda kuelewa. Mzee alikuwa anaifuata mechi kwa ukimya. Alikuwa ameketi pale ameitazama stoo, akisubiri Mbeya inyamaze, maana ikinyamaza ni mke wa mwanawe. Tumpe alianza kumtafutia mzee wake ukimya mwingine, na mwingine.

Robo ya mwisho, pasi ya Frida iligongwa na Atuganile, mpira ukatoka nje, ukabiringika na kusimama kwenye kisigino cha Mzee Anyosisye. Mwamuzi akaonyesha: wa Mlandege. Wa kurusha alikuwa Tumpe, na mahali pa kurushia palikuwa palepale, mgongoni mwa kiti.

Tumpe alikauka. Mzee aliinama, akauokota mpira, akaushika kwa mikono miwili mapajani mwake. Watu walikuwa wanamwangalia. Hakugeuka. Aliupeleka mkono wake wa kuume nyuma ya kiti, akauweka mpira chini kwenye saruji, akauzuia kidogo mpaka ukatulia, kisha akauondoa mkono na kuurudisha kwenye fimbo.

Mwamuzi, ambaye kazi yake ni kumkabidhi mchezaji mpira, alikuwa ameshapiga hatua. Akasita. Akarudi nyuma, akamwonyesha Tumpe kwa kiganja kwamba auchukue mwenyewe. Tumpe alisogea, akakunja magoti hadi chini kabisa kama nyumbani, akauchukua. Ulikuwa bado na joto la mikono. Hakuna aliyepiga kelele, wala wa Mbeya. Atuganile alikuwa amesimama mbele yake kumkaba, mikono juu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Rusha, dada," alimwambia Tumpe kwa sauti ya chini. "Rusha, mwenzio nitashindwa kujizuia."

Mlandege walifika sekunde za mwisho wakiwa nyuma kwa pointi moja. Kalinga aliita muda, akafungua mdomo kutoa maelekezo, akaona hana. "Mnajua wenyewe," alisema. Tumpe alipewa mpira katikati ya uwanja. Alikwenda kulia, Kawetere wakaenda naye. Alirudi kushoto, akabaki na Atuganile peke yake. Hakukuwa na pasi, Frida alikuwa amefungwa na wawili. Akapanda, naye Atuganile akapanda, na mkono ule mrefu ukafunika kikapu chote, ukafunika na mlima. Tumpe alirusha juu ya ule mkono, juu kabisa, mahali ambapo hakukuwa na mtu. Mpira ulikwenda mbinguni ukakaa huko. Kengele ilipigwa mpira ukiwa bado hewani. Ulishuka, ukagonga chuma, ukazunguka ukingoni mara moja, na ya pili ikawa nusu.

Mbeya ikanyamaza.

Ulikuwa ukimya ambao Tumpe hajausikia tena. Watu wote wale, na ukasikia bendera inavyopigwa na upepo. Na katika ukimya huo fimbo iligonga chini, ikagonga tena, na tena, ikaendelea kugonga, na mabega ya koti la kijivu yalikuwa yanacheka.

"Mwalimu," mzee aliuliza ukuta wa stoo, "hapo imekuwaje?"

Kalinga alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa karatasi ya mbinu zake. Ni Atuganile aliyeanza kupiga makofi, akiwa ametapakaa jasho, akimpigia aliyemfunga, na jukwaa likamfuata, wakasimama wote. Frida alikuwa amelala chali katikati ya uwanja akicheka peke yake.

Tumpe hakukimbilia wenzake. Aliingia chumbani, akavaa kanga yake na kujitanda nyingine kichwani, akarudi hadi nyuma ya kile kiti. Akachuchumaa, uso kando. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja, na mtu huyo akawa Kalinga, aliyesimama pale kama mkalimani wa watu wanaosikiana vizuri kabisa.

"Kocha," alisema Tumpe, "mwambie baba asante sana, ndaga fijo."

"Mzee, anasema ndaga fijo," alisema Kalinga, akilitamka vibaya kwa moyo wake wote.

Mzee Anyosisye aliinamisha kichwa kuelekea mlimani. Bi Damari alikuwa ameshashuka jukwaani na kufika, mkoba begani, midomo imekazwa, akisubiri neno la kaka yake kama walivyolisubiri wote tangu Desemba.

"Muulize," alisema mzee, "mwakani mashindano ni wapi?"

"Ni Iringa, mzee. Kwetu," Kalinga alijibu mwenyewe.

"Basi mwambie waniwekee kiti." Akafikiri kidogo. "Na wakigeuze kabisa mapema, nisisumbue watu."

Kalinga aligeuka amfikishie Tumpe, akakuta amejifunika kanga uso mzima, mabega yanamtikisika, na Bi Damari ameweka mkoba wake chini kwenye saruji, amechuchumaa pembeni yake, anatafuta leso.